Mzigo Uko Wapi?

Mtu akihamia nchi za watu, waliobaki nyumbani humwuliza maswali yanayojulikana: anafanya kazi gani, analipwa kiasi gani, atarudi lini. Sijapata kusikia mtu akiulizwa anacheza mchezo gani. Nadhani ni kwa sababu tunaamini kwamba aliyekwenda ng'ambo amekwenda kutafuta, na mwenye kutafuta hana saa ya kucheza. Mimi naishi Muscat, Omani, tangu mwaka 2006. Kazi yangu ni ya maabara ya hospitali, na mchezo wangu, msomaji, ni kuendesha gari mahali pasipo na barabara.

Najua jambo hili linavyosikika masikioni mwa mtu wa kwetu. Kwetu ni Lindi, na mtu wa Lindi wa rika langu hahitaji kufundishwa maana ya kukosa barabara. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam kulikuwa ni kungojea kivuko cha Ndundu, na kabla ya kukifikia kivuko kulikuwa na kile kipande cha kutoka Somanga, kilomita 60 ambazo katika ramani ni upana wa kidole. Kiangazi palikuwa na vumbi na mashimo. Masika yakiingia, udongo uligeuka uji, na malori yalisimama nyuma ya malori mengine siku baada ya siku. Mwenye uwezo alipanda meli. Asiyekuwa nao alifunga chakula cha siku nyingi kuliko safari yenyewe, akaaga watu vizuri.

Baba yangu alilea watoto sita kwa barabara ile. Alianza kazi ya utingo mwaka 1967, akapanda mpaka kukabidhiwa usukani. Alipeleka korosho na ufuta, akarudi na sukari, sabuni na vitenge. Katika mvua za El Niño, mwanzoni mwa mwaka 1998, alikwama siku 11 akiwa na shehena ya sukari, na turubai lake lilikuwa na matundu. Tajiri wa lori alikata hasara yote katika mshahara wa dereva, na mimi niliyekuwa kidato cha tatu nikakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada. Siyasemi haya kwa kulalamika. Nayasema ili ijulikane kwamba ninapozungumzia gari kukwama, bei yake naijua.

Sasa, ilikuwaje mtoto wa mtu yule akajikuta anatumia fedha zake kutafuta mahali pa kukwama?

Nyumba yetu ya kwanza Muscat ilipakana na ya bibi mmoja aliyezaliwa Unguja. Watu wa namna yake ni wengi Omani. Baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, Waomani waliotawanyika waliitwa warudi, na waliotoka Zanzibar na mwambao wa bara walirudi na Kiswahili chao, na mapishi yao, na mabishano yao. Kiswahili nilichodhani nimekiaga uwanja wa ndege nilikisikia ng'ambo ya ukuta wangu kikimgombeza mjukuu. Bibi huyo aliniona nashinda ndani, akaniambia, "Bibie, utakaa mpaka lini unatazamana na kiyoyozi? Wanangu wanakwenda mchangani Ijumaa. Mchukue mumeo, twende ukaione nchi."

Yeye mwenyewe alikaa kiti cha nyuma na chupa ya kahawa na bakuli la tende, akisimulia njia nzima. Mwaka 1970, alisema, lami ya Omani nzima haikuzidi kilomita 10, na hilo nimelisoma baadaye kwingi. Alipofika yeye kama bibi harusi, kwenda kijijini kwa mumewe kulikuwa ni siku nzima ndani ya Landrova, wakipita katika mabonde makavu ya mito, wanayoyaita mawadi. "Tulikuwa tunalia," alisema. "Hawa wanangu wanalipa petroli waende kucheka palepale." Nikatambua kwamba si mimi peke yangu niliye na baba aliyeteseka njiani.

Mchanga wa Sharqiya, ambao wazee huuita Ramlat al-Wahiba, una urefu wa kiasi cha kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini, na upana wa kilomita 80. Kutoka Muscat ni kilomita 200 na ushei mpaka Bidiyah. Hapo, bila ya taarifa, mitende inakwisha, lami inakwisha, na vilima vyekundu vya mchanga vimesimama mbele yako.

Jambo la kwanza linalofanywa lilikuwa kinyume cha malezi yangu yote: unatoa upepo. Tairi lenye pauni 35 unaliacha libaki na 15 hivi. Baba yangu alikuwa akiyagonga matairi kwa nyundo kila alfajiri, ayasikilize kama yana upepo wa kutosha. Mimi nikachuchumaa juani nikiusikiliza upepo unatoka kwa hiari yangu. Sababu yake nilielezwa kwa mfano wa punda na ngamia. Kwato ya punda ni ndogo na ngumu, inachimba. Unyayo wa ngamia ni mpana na laini, unautandaza uzito juu ya mchanga. Tairi lililopunguzwa upepo hurefuka pale linapogusa chini, likawa na unyayo wa ngamia.

Yaliyobaki nilijifunza mwaka mzima, na bado najifunza. Mchanga hautaki breki. Ukizikanyaga, magurudumu yanajijengea ukuta mbele yake, nawe ndiwe utakayeuchimba. Unaachia mafuta, gari linasimama lenyewe, tena ulisimamishe pua ikitazama mteremko. Kilima unakipanda moja kwa moja na kukishuka moja kwa moja, kwani ukikipita kwa ubavu gari linaweza kubingirika. Upande upepo unakotokea ni mgumu na unapanda polepole. Upande wa pili ni laini na umesimama wima, na ukiwa chini huwezi kujua kilele kinaficha nini. Kwa hiyo unahitaji kasi ya kukufikisha juu, na unahitaji kuiacha kasi hiyo hatua chache kabla ya kufika. Hapo ndipo penye utamu wote. Adhuhuri hatupandi, maana jua la utosini linafuta vivuli, na macho hayatofautishi shimo na tambarare. Alfajiri mchanga una baridi na umeshikana, na kila mkunjo wake unaonekana kama mishipa ya mkono wa mzee.

Hatuendi na gari moja kamwe. Tunachukua sepeto, kamba, mbao, pampu ya kurudishia upepo, na maji mengi kuliko tunayodhani tutakunywa. Wapo wanaojaribu kuvuka mawadi mvua ikishanyesha na maji yanatiririka. Hao siwaiti wachezaji, wala sheria ya Omani haiwaiti hivyo.

Mwaka 2008 tulinunua Land Cruiser kuukuu, nami nikawa dereva kuliko mume wangu, ambaye hupata kichefuchefu vilimani na hulisema hilo bila haya. Seti ya matairi ilinigharimu riali 240. Mwezi uleule mdogo wangu alikuwa anaezeka nyumba Lindi. Nilimtumia za bati kwanza, kisha nikanunua matairi, na sikumwambia nani bei ya matairi. Wanaoishi nje watanielewa. Kila senti unayoitumia kwa furaha yako mwenyewe ina jina la mtu wa nyumbani lililoandikwa juu yake, na usipojifunza kuitumia moja moja hata hivyo, unaanza kuwachukia uliokwenda kuwatafutia. Hilo nimeliona kwa wenzangu, na ni baya kuliko ubahili.

Mwishoni mwa 2009 tulikwenda pwani ya Barr al Hikman, tambarare inayotazamana na kisiwa cha Masirah. Kule kuna ardhi wanayoiita sabkha: juu ni ganda la chumvi, jeupe, kavu, unaweza kulipigia mpira, chini yake ni tope. Gari lililotangulia lilivunja ganda, likazama mpaka chasisi. Niliposhuka kwenda kusaidia, harufu ilinipanda puani. Ilikuwa harufu ya Somanga. Nilikuwa na miaka 28, nikajiona nina 17, nimesimama mlangoni nasubiri lori.

Wenzangu walikuwa wanacheka na kupigana picha. Mimi sikuweza. Tulichimba saa tano, na saa zote hizo nilikuwa nahesabu: tuna maji, tuna mikate, tuna simu, tuna magari mengine matatu, na mshahara wangu utaingia mwisho wa mwezi tukitoka leo au tukitoka kesho. Hakuna mtoto atakayekosa shule kwa sababu ya tope hili. Tofauti yote ya mchezo na maisha ilikuwa katika hesabu hiyo.

Picha moja ya siku ile ilimfikia baba, kwa njia ya simu ya mdogo wangu. Alinipigia mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Nimeiona picha." Akanyamaza kidogo. "Mlikuwa mmepakia nini?"

"Hatukupakia kitu, Baba."

"Mlikuwa mnakwenda kuchukua?"

"Hapana. Tulikwenda kutembea tu."

Alinyamaza tena, muda mrefu, nikadhani salio limekatika. "Haya, mshukuruni Mungu mmetoka," alisema, akaniuliza hali ya mkwewe.

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Dereva wa lori huona aibu kurudi na gari tupu. Katika siku zile 11, kilichomzuia kuliacha lori na kurudi nyumbani kwa miguu ni sukari, na watu walioingojea Lindi. Mimi nilikuwa nimechukua shida yake, nikaiondolea mzigo, nikabaki na shida. Kwa miezi kadhaa sikwenda mchangani. Nilimwambia bibi kwamba gari lina hitilafu.

Kilichonirudisha ni kumbukumbu. Baba alikuwa akitusimulia safari zake usiku, ameketi barazani, na mikono yake ilizungusha usukani usiokuwepo. Alitusimulia alivyopita pale palipowashinda wenzake, alivyolisikia gurudumu la kushoto linashika kabla ya la kulia, alivyokata matawi na kuyatandika. Hata siku moja hakutusimulia safari iliyokwenda salama. Aliipenda kazi ile mahali uleule ilipomuumiza, ila hakuwa na nafasi ya kulisema hilo mbele ya watoto waliokosa ada. Hivyo ndivyo ninavyoamini mimi, na sijamwuliza.

Alikuja kututembelea mwishoni mwa mwaka 2013, akiwa na miaka 65. Wiki mbili za kwanza alitembezwa, akasifu barabara, akasifu taa za barabara, akauliza nani anazilipia. Mchangani alikataa kwenda. Halafu jioni moja akamwuliza bibi, ambaye alikuwa amepata mtu wa kuongea naye Kiswahili cha zamani, kama kuna watu wanaoishi ndani ya mchanga ule. Bibi akamwambia wapo, Mabedui, na mbuzi na ngamia wao.

"Ngamia wanakula nini humo?"

"Majani yananunuliwa mjini, mzee."

"Nani anayapeleka?"

Ijumaa yake alfajiri tulimkuta amevaa kanzu na kofia, amesimama nyuma ya Land Cruiser yetu. Alifungua mlango wa nyuma, akatazama jiko la mkaa, mkeka na sanduku la barafu. "Mzigo uko wapi?" aliuliza.

Tulipofika Bidiyah alitusimamisha sokoni. Yakanunuliwa marobota kumi ya majani ya mifugo, magunia mawili ya mchele na katoni za maji. Aliyachagua yeye, nikalipa mimi, mume wangu akanitazama asiseme neno. Watoto wa bibi walikuwa wanaijua familia moja ndani, mwendo wa saa nzima, yenye mama mjane na kundi la mbuzi. Baba aliyapanga marobota juu ya paa, mazito chini, akayafunga kwa kamba, na mmoja wa vijana alipotaka kusaidia, alimfundisha fundo la watu wa malori, mara mbili, mpaka akalipata.

Pembeni ya mchanga nilichuchumaa, nikaanza kutoa upepo. Akaja akachuchumaa karibu yangu. Hakuuliza kwa nini. Alisikiliza tairi la kwanza, la pili. Kwa lile la nyuma, geji ilipokuwa inateremka kuelekea 18, aliligonga kwa ngumi, akainamisha sikio.

"Basi, mama," alisema. "Usitoe zaidi. Hili limebeba."

Nikafunga kifuniko cha valvu. Akaenda kuketi mbele, mkono juu ya dirisha, akanisubiri niwashe.