Kabla ya kuziba tiyo, uliza inaenda wapi

Leo sizungumzii mapigano. Nazungumzia tiyo, ile mipira myeusi inayopita huku na kule chini ya kapo ya gari. Wengi wetu huku Butembo na Lubero hatuna gari, lakini karibu sote tunapanda magari ya watu. Tangu Juni 2024, vita vilipofika Kanyabayonga na familia nyingi zikashika njia ya Kayna, Kirumba na Lubero kuja huku, kazi yangu imenipandisha mara nyingi katika magari yaliyojaa watoto ndani, na magodoro na masufuria juu. Ndiyo maana jambo hili, linaloonekana kuwa la mafundi peke yao, linatuhusu sisi abiria pia.

Barabara yetu munaijua. Wakati wa jua ni vumbi, wakati wa mvua ni matope. Vumbi hilo linakula moteri, kwa hiyo wenye magari wanatafuta dawa. Wengine wanatoa sanduku la filta lililotoka kiwandani na kuweka filta ya wazi yenye umbo la pia. Wengine wanapandisha bomba la hewa hadi juu ya paa, ili moteri ivute hewa yenye vumbi kidogo na isinywe maji kwenye madimbwi. Kusudi lao ni zuri. Shida inakuja kwa vile vinavyokatwa na kuzibwa njiani.

Tuanze na namna moteri ya esanse inavyopumua. Pistoni ikishuka inavuta hewa. Kwenye njia ya hiyo hewa kuna kibati kinachozunguka, mafundi wanakiita kipepeo. Dereva akikanyaga mafuta, kipepeo kinafunguka. Akiondoa mguu, kinafunga, lakini pistoni zinaendelea kuvuta. Hapo nyuma ya kipepeo hewa inabaki kidogo sana, na panakuwa na nguvu ya kunyonya, kama mtoto anaponyonya chupa tupu na mdomo wake unanaswa. Waliotengeneza gari waliona kwamba nguvu hiyo ni ya bure, wakaipa kazi. Kila tiyo inayotoka pale ina kazi yake.

Ile nene kuliko zote mara nyingi ni ya freni. Inaenda kwenye servo, kile chombo cheusi cha duara, kama sufuria bapa, kilicho nyuma ya moteri upande wa usukani. Ndani yake mna ngozi ya mpira inayokigawa vyumba viwili. Mguu ukiwa haujakanyaga, vyumba vyote viwili vimenyonywa. Dereva akikanyaga, hewa ya nje inaingia chumba kimoja na kusukuma ile ngozi, na hiyo ndiyo inamsaidia mguu. Kumbe gari halisimamishwi na mguu peke yake. Hewa inayotuzunguka inasukuma pamoja naye. Na huku milimani hewa hiyo ni nyepesi. Kwenye mita 1,500 juu ya bahari, msukumo wake umepungua karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani, na barabara ya Lubero inapita juu zaidi ya hapo. Hatuna msaada wa kupoteza.

Niliona maana ya maneno hayo kwenye mteremko mmoja kabla ya kufika Lubero. Tulikuwa watu tisa ndani ya gari dogo la esanse, watano kati yetu wahami, pamoja na mama mwenye mtoto mgongoni. Toka asubuhi moteri ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe kila tuliposimama. Chofere alituambia ni esanse mbaya. Kwenye mteremko alikanyaga freni mara ya kwanza ikashika, ya pili ikashika kidogo, ya tatu mguu ukakuta jiwe. Alirudisha vitesi hadi cha kwanza, akavuta freni ya mkono, akalaza gari kwenye ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia. Kapo ilipofunguliwa tuliona tiyo nene imechomoka. Siku mbili mbele ya hapo gari lilikuwa limewekewa filta ya wazi kwenye garaji moja. Katika kupanga upya, tiyo ya freni ilihamishiwa kwenye mdomo mwembamba kuliko ilivyotakiwa, ikafungwa kwa skochi bila kolie. Moto wa moteri ukalainisha skochi, na basi.

Kwa nini freni ilishika mara ya kwanza? Niliuliza fundi mzee mmoja wa hapa Butembo. Aliniambia kuna kivalvu kidogo kinachoacha hewa kupita upande mmoja tu. Kinatunza mvuto ndani ya servo ili hata moteri ikizima ghafula ubaki na mikanyago michache. Hiyo ndiyo akiba iliyotuokoa, na ilikuwa inaisha.

Mzee huyo alinionyesha tiyo nyingine ambazo watu wanazidharau. Moja inatoka kwenye bomba la hewa, baada ya filta, na kuingia juu ya moteri. Inapeleka hewa safi ndani, na mwenzake inatoa moshi wa oili kwenda kuchomwa. Filta ya wazi ikiwekwa, mara nyingi bomba jipya halina mdomo wa kupokea ile ya kwanza, basi inaachwa inaning'inia. Filta inang'aa mbele, na vumbi linaingia kwa mlango wa nyuma moja kwa moja kwenye oili. Na kama zote mbili zikizibwa, moshi unakosa njia, unasukuma oili itoke kwenye viungo. Tiyo nyembamba nazo zina kazi: kuna inayosaidia kupima msukumo wa esanse, na kuna inayovuta mvuke wa tangi.

Halafu kuna kipima hewa, kile kidude chenye waya kilicho karibu na filta kwenye magari mengi ya sasa. Kinahesabu hewa inayoingia ili kompyuta itoe esanse inayolingana. Hewa ikiingilia kwenye tundu lililo kati yake na moteri haihesabiwi. Esanse inakuwa kidogo, na moteri inatetemeka au kuzima.

Land Cruiser za mazuti, kama zile zenye moteri ya 1HZ, ni habari tofauti. Mvuto wa freni zake hautoki kwenye njia ya hewa. Unatoka kwenye pompa ndogo inayozungushwa na moteri. Kupandisha bomba juu ya paa hakugusi freni, ila maungio yote yawe yamekaza, maana palipo na tundu maji yanaingia. Lakini pompa hiyo ikikosekana, pedali itakuwa ngumu siku hiyohiyo.

Kabla ya kuchomoa kitu, fundi abandike alama kwenye kila tiyo na kwenye mdomo wake. Kutafuta tundu, achukue kipande cha tiyo, upande mmoja sikioni, mwingine aupitishe karibu na maungio, asikilize mlio wa kunyonya. Kumwaga esanse juu ya moteri inayowaka ili kuona kama itabadilika ni kuita moto.

Na kwa sisi abiria kuna jaribio lisilochukua hata dakika moja. Moteri ikiwa imezimwa, chofere akanyage freni mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu. Aendelee kuikanyaga, kisha awashe. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, servo inapata mvuto. Isiposhuka, watu washuke.

Najua si rahisi kuomba hivyo. Mhami aliyepunguziwa bei ya safari, au aliyepewa nafasi kwa huruma, anaogopa kuambiwa ashuke na mizigo yake. Katika gari letu wote tulisikia moteri ikipanda na kushuka, na mama mwenye mtoto ndiye peke yake aliyeuliza. Alijibiwa anyamaze. Machofere wanaosoma hapa, mukiulizwa hivyo na mama wa watu, muzime moteri, mufungue kapo, mutazame.