Saa Moja Lothian Street

Treni ilinishusha Waverley jioni ya manyunyu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga Edinburgh, na hata kabla ya kutafuta pa kulala nikapanda kwenye makaburi ya Old Calton, karibu na stesheni, kumzuru mwanafalsafa David Hume.

Amelala ndani ya mnara wa mawe, mviringo, mzito kama buruji la ngome. Tangu chuoni nimeishi na fikra zake: kwamba akili peke yake haimsukumi mtu kutenda, na wema huanzia katika hisia, katika kuonja uchungu wa mwenzako. Katika kitabu chake cha 1739 alitaka maadili yachunguzwe kisayansi, kwa kuwatazama binadamu walivyo.

Na huyo huyo, katika tanbihi ya insha moja, aliandika kwamba anawashuku watu weusi kuwa duni kimaumbile kuliko weupe. Nimeisoma mara nyingi, lakini pale kaburini iliniuma upya. Aliyetufundisha kuwatazama watu, sisi hakututazama. Mwaka 2020 chuo kikuu cha mji huu kililiondoa jina lake kwenye jengo refu la George Square.

Kesho yake, nikimfuata mwingine aliyeyachunguza maadili kisayansi, nilikwenda Lothian Street, mtaa mfupi kando ya makumbusho ya taifa. Charles Darwin alipanga chumba hapo alipokuja kusomea udaktari mwaka 1825. Mtaani humo aliishi pia John Edmonstone, mtu mweusi aliyetoka utumwani Guyana, fundi wa kukausha na kujaza ndege waliokufa ili wasioze. Darwin alimlipa amfundishe kazi hiyo, akawa akiketi naye saa moja kila siku.

Mwaka 1871, katika The Descent of Man, Darwin alieleza dhamiri kuwa imechipuka kutokana na silika ya kuishi pamoja. Kitabu hicho nacho kina dharau zake kwa mataifa mengine. Lakini humo humo anamkumbuka mtu mweusi aliyewahi kuwa karibu naye, na jinsi akili zao zilivyofanana. Kwangu mimi, ukurasa huo ulianzia mtaa huu.

Nilikaa pale kitambo, nikijaribu kuwaona wawili hao mezani: mikono myeusi ikiionyesha mikono myeupe namna ya kumchuna ndege bila kumnyonyoa hata unyoya mmoja.