Nilimwita Mvivu

Leo nataka kuwaeleza kosa langu, ili ninyi msilifanye.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika chuo kimoja mjini Bukavu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mwenye akili nyingi. Akisikia hadithi mara moja, aliirudia yote na kuifafanua vizuri kuliko wenzake. Lakini daftari lake! Neno moja aliliandika kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Kusoma kwa sauti kulimtoa jasho.

Katika mtihani wa kwanza alipata 6 juu ya 20. Nikamwambia mbele ya wote: «Wewe ni mvivu. Unategemea mdomo tu.» Alinyamaza. Kesho yake hakurudi.

Baada ya juma moja mama yake alinijia. Akasema: «Mwalimu, mtoto huyu anakesha na vitabu. Kila usiku mimi ndiye ninayemzimia taa.» Haya ikanishika.

Basi nikaanza kutafuta. Nikasoma ya kuwa mwaka 1896 mganga Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwenye akili na hodari wa hesabu, lakini kusoma kulimshinda. Mwalimu wake alisema angewapita wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Ugumu huo huitwa disleksia. Si uvivu, wala si upungufu wa akili. Huweza kukaa pamoja na akili nyingi katika mtu mmoja: akili huficha ugumu, na ugumu huficha akili. Halafu inakuja lugha ya kigeni kama Kiingereza, ambayo herufi zake mara nyingi hazifuati sauti, na hapo ugumu hutokea wazi.

Nilikwenda kwao nikamwomba radhi. Akarudi. Nikampa muda zaidi katika mtihani, na nusu ya maswali aliyajibu kwa mdomo. Kila siku tulichukua sauti moja na herufi zake: aliisikia, aliitamka, aliiandika. Lakini sikumpunguzia mambo magumu ya kufikiri, kwani hayo ndiyo aliyoyapenda.

Mwisho wa mwaka alipata 13. Hata sasa anakosea maandishi, lakini hakuacha masomo.

Wazazi na walimu, mkimwona mtoto anayejua kusema lakini hajui kuandika, msifanye haraka kumhukumu. Ulizeni kwanza ni nani anayemzimia taa usiku.