Marehemu Aliyeondoka na Majibu

Mwaka 1999 mwongozaji Sydney Pollack, aliyewahi kupiga nchini Kenya Out of Africa, filamu iliyozoa tuzo 7 za Oscar, alitoa filamu ya mapenzi ya watu wazima iitwayo Random Hearts. Harrison Ford, mwenye miaka 57 wakati huo, ni Dutch, askari polisi wa Washington. Kristin Scott Thomas ni Kay, mbunge anayetetea kiti chake. Hawajuani. Ndege iendayo Miami inaanguka majini, na ndani yake wamo mke wa Dutch na mume wa Kay. Jina la mke huyo halimo katika orodha ya abiria, kwa kuwa alisafiri kama mke wa yule bwana.

Hapo filamu ilishika jambo zito. Kufiwa kuna utaratibu wake: kwetu jamaa hukusanyika, mikeka hutandikwa, mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Lakini utaratibu wote huo unamhesabu mfiwa kuwa anamlilia mtu aliyemjua. Anayegundua usaliti msibani amefiwa mara mbili, na msiba wa pili hana wa kumwambia. Atawajibuje wanaompa pole, kwamba ana hasira? Marehemu hasemwi vibaya. Na akitaka kugombana, agombane na nani? Ndoa ikivunjika kuna wazee wa kusuluhisha, kuna kufokeana, pengine hata kuombana radhi. Kifo hakiachi hata mtu wa kuuliza kwa nini.

Tena wafiwa hawa si vijana. Kijana akisalitiwa huumia kwa ajili ya miaka aliyoitarajia. Mtu wa makamo huibiwa miaka aliyokwisha kuishi. Kila safari ya kikazi, kila simu ya usiku, kila picha ya sikukuu inageuka kuwa ya kutiliwa shaka, na mtu wa pekee aliyeweza kusema ipi ilikuwa ya kweli amezikwa. Dutch anafukua mpaka Miami kutafuta jibu. Kay, mwenye binti wa kulinda na uchaguzi mbele yake, anataka yafukiwe. Zote mbili ni namna za kweli za kuomboleza, nami ningekaa nao saa mbili bila kuchoka.

Kinachonisikitisha ni kwamba Pollack hakuwaamini. Ameingiza kisa cha polisi fisadi ambacho hakina haja, kisha akawasukuma wafiwa wake mikononi mwa wenzao kabla ya machozi kupata nafasi. Wengi waliwalaumu waigizaji kwa kukosa joto. Mimi nawatetea. Ubaridi ule ndio uliokuwa kweli: watu wawili wanashikana kwa sababu wanajua aibu moja, na kila wakitazamana wanawaona wale wengine wawili. Kuyaita hayo mapenzi ni kuwanyima haki yao ya kuomboleza.

Wafiwa wa namna hii wapo mitaani mwetu, na hawatasema. Basi ukienda kumpa pole mjane au mgane, usitangulie kumsifu marehemu. Kaa naye, umwache aanze mwenyewe, na akinyamaza usimuulize.