Nyumba za Mawe za Lamu

Mgeni atokaye bara, aliyezoea madirisha mapana, aingiapo katika nyumba ya kale ya Lamu hushangaa kuiona tupu. Upande wa njiani hapana ila ukuta mrefu na mlango wa mbao ulionakishiwa, na mbele yake daka lenye baraza mbili za kukalia wageni. Vyumba ni virefu na vyembamba, navyo vyombo ni vichache: kitanda, viti viwili vitatu, mikeka. Vitu vya thamani huwekwa katika vidaka vilivyochongwa ukutani, ambavyo wenyeji huviita zidaka, kabati haihitajiwi.

Wembamba huo haukuja kwa kupenda. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na boriti iwezayo kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa haizidi mita 3 hivi. Basi chumba nacho hakipiti hapo. Kuta ni za matumbawe, unene wake kama nusu mita, nazo huchelewa kushika joto la mchana. Katikati mna kiwanda, yaani ua usioezekwa, na hapo ndipo nyumba hupumulia: hewa ya moto hupanda ikatoka, na upepo ukaingia vyumbani. Wengi wameongeza juu kabisa paa la makuti lililo wazi pande zote, mahali pa kupunga upepo wa kusi na wa kaskazi. Hapana paa lenye baridi kama hilo, wala liogopwalo moto kama hilo.

Mwaka 2001 UNESCO iliutia Mji wa Kale wa Lamu katika Urithi wa Dunia. Lakini sifa haizibi ufa. Atakaye kutengeneza nyumba yake hupata saruji dukani upesi kuliko chokaa nzuri, ambayo yataka kuchomwa kwa kuni na kungojewa siku nyingi. Akiipaka saruji juu ya matumbawe, unyevu wa chumvi hufungiwa ndani, na baadaye lipu hubanduka. Nondo nazo, zege likichanganywa na mchanga wa pwani, hushika kutu, zikavimba na kulipasua. Hata boriti zina shida yake: mwezi wa Februari 2018 Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu walisimamishwa kazi.

Kwa hiyo si ajabu kijana kuchagua matofali membamba ya saruji na mabati. Nyumba yake husimama upesi, na gharama yake huijua mapema. Ila saa nane za mchana, jua likiwa kali, wenyewe hawakaliki ndani. Hutoka wakaenda kuketi katika daka la jirani.