Kimbunga Kisichofika

Katika Kiswahili neno utabiri limebeba mizigo miwili. Mmoja ni wa mwaguzi, apigaye ramli na kufasiri ndoto. Wa pili ni wa mtaalamu wa hali ya hewa, apimaye joto la bahari, kani ya hewa na mwendo wa mawingu. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako nako lahusiana na kufasiri ndoto. Siku za kawaida mizigo hiyo miwili haigongani. Mvua ikitangazwa nayo isinyeshe, watu hucheka na kuanua nguo zao zikiwa kavu. Lakini zipo siku ambapo jinsi watu wanavyolielewa neno hilo moja yaweza kuokoa maisha au kuyapoteza. Siku ya namna hiyo tuliishuhudia Mtwara, mwezi wa Aprili 2019.

Tulikuwa walimu watatu kutoka Uganda, tumekwenda pwani ya kusini ya Tanzania kujifunza msamiati wa uvuvi na wa vyombo vya baharini. Kwetu kando ya ziwa, kimbunga ni ule upepo wa ghafla uzungukao uwanjani na kupeperusha majani na vumbi. Cha baharini ni kitu kingine kabisa. Huzaliwa juu ya maji yenye joto la digrii 26 au zaidi, hulishwa na mvuke unaopanda, na hutiwa mzunguko na dunia yenyewe kwa kuzunguka kwake. Karibu na ikweta msukumo huo huwa dhaifu, na kwa sababu hiyo pwani ya Kenya na ya Tanzania haikulizoea balaa hili kama Msumbiji au Madagaska walivyolizoea. Haikulizoea, ila haikuepushwa nalo. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu kwa wingi, hata Pemba ikawa ndicho kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi, jirani wa Mtwara.

Mwezi mmoja kabla ya safari yetu, kimbunga Idai kilikuwa kimeuangamiza mji wa Beira, na watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kwa hiyo habari zilipokuja kwamba kingine, kilichoitwa Kenneth, kimepita Ngazidja na kuelekea bara, hofu ilikuwa tayari imepata njia. Siku ya Alhamisi, tarehe 25, agizo la serikali lilikuwa midomoni mwa watu wote: shule na ofisi zifungwe, na wakaao kando ya bahari na mabondeni wahamie mahali pa juu.

Ndipo tulipoona jinsi kuhama kulivyo kazi nzito kwa mtu ambaye mbele ya macho yake bahari ingali shwari. Wavuvi waliziburura ngalawa hadi minazini wakazifunga kwa kamba. Mabati ya mapaa yaliwekewa viroba vya mchanga. Maji yalijazwa madumuni. Vyeti vya kuzaliwa na hati za viwanja vikafungwa ndani ya mifuko ya plastiki. Mwenyeji wetu, mama mtu mzima tuliyemwita Bi Mkubwa, aliizunguka nyumba yake mara tatu asijue la kutanguliza. Mwishowe alitanguliza cherehani, maana ndiyo iliyowasomesha wanawe.

Si wote walioridhika. Kijana mmoja mvuvi alikataa kuiacha mashine ya boti yake.

"Bi Mkubwa, bahari hii nimeizoea. Liwalo na liwe."

Mzee jirani, mzaliwa wa Lindi, alikuwa ameshaketi juu ya mkokoteni, bakora mkononi na redio mapajani. Hakubishana naye. Alisema tu, "Mimi Lindi nilikuwa mtoto, mwanangu. Sisi hatukuambiwa."

Kijana akaifungua mashine, akaitia begani, akafuata.

Tulilala katika darasa la shule ya msingi, madawati yamesogezwa ukutani. Mvua ilinyesha na upepo ukavuma, lakini paa halikutikisika. Kesho yake watu walirejea wakaikuta minazi imesimama na ngalawa zi pale pale. Mzaha ulikuwa mwingi njiani. Yule kijana alitugeukia akasema, "Walimu, mtabiri wenu kapiga ramli mbovu!" Watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao, kwa kuwa pale hapakuwa na mwenye msiba.

Msiba ulikuwa yapata kilomita 200 upande wa kusini. Kenneth alikuwa ameingia nchi kavu siku ile ile ya Alhamisi katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kwa pepo zilizokisiwa kufikia kilomita 220 kwa saa. Macomia na kisiwa cha Ibo viliachwa na nyumba chache zenye mapaa. Wengi wa watu wa kisiwa hicho ni Wamwani, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Watu zaidi ya 40 walikufa nchini humo. Huko nako maelfu walikuwa wamehamishwa mapema, na hapana shaka bila hivyo hesabu ingekuwa kubwa zaidi.

Tangu siku ile tumelitafakari neno la yule kijana, kwa maana ndani yake mna hatari kuliko upepo wenyewe. Ramli huwa ya kweli au ya uongo. Kipimo cha hali ya hewa si hivyo. Hata saa 24 kabla, njia ya kimbunga yaweza kutofautiana na makadirio kwa makumi ya kilomita, na ndiyo sababu eneo linaloonywa halina budi kuwa pana kuliko eneo litakalopigwa. Wengi waonywao hawatapigwa. Hilo si kosa la mpimaji; ndiyo kazi yake. Watu wa Bangladesh walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua katika nchi yao watu wapatao 300,000 au zaidi. Mwaka 2020 walipojiwa na kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa, na waliokufa nchini humo hawakufika 50. Katika miaka iliyopita kati ya hiyo miwili, si mara moja watu walihama kisha wakarudi nyumbani kwao wakacheka.

Sisi walimu tunalo la kufanya. Kiswahili hakikosi namna ya kusema jambo lisilo na hakika: tunayo huenda, yamkini, na chaweza. Tangazo lisemalo "kimbunga kitapiga hapa", kisha kikapiga kwingine, huitwa uongo. Lakini lisemalo "kimbunga chaweza kupiga hapa, na kikipiga nyumba za bondeni hazitasimama, hameni kabla ya adhuhuri, mwende shuleni, mchukue maji na dawa" halidai kuagua lolote, bali laeleza hatari na kutoa amri. Na tuwape wanafunzi wetu matangazo ya hali ya hewa, wayaandike upya kwa namna hiyo, kisha wayasome kwa sauti mbele ya wazazi wao.

Haja ya zoezi hilo haitakwisha upesi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi karibu na kisiwa cha Mafia kabla ya kudhoofika, na watu wa pwani wakasikia tena maonyo. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Hawakusema kwamba hatari ikipita kando, tahadhari ilikuwa ya bure. Kimbunga kijacho kitakapotangazwa, yatakayomwinua yule kijana au kumbakiza penye mashine yake ni maneno atakayoyasikia, na jinsi alivyofundishwa kuyaelewa.