Nyanya Inapotoa Ua



Wapendwa waamini, mvua zinapokoma mwezi Mei na vilima vya Kasulu na Kibondo kuanza kukauka, tunashuka mabondeni, kandokando ya vijito vinavyoelekea mto Malagarasi, kulima nyanya za kumwagilia kwa ndoo. Kwa familia nyingi bustani hiyo ndiyo daftari na sare za watoto. Ndiyo maana tunahuzunika tunapomwona mama akitoa fedha yake ya mwisho kununua urea kwa kuwa mimea imeanza kuchanua.

Urea ni naitrojeni, asilimia 46, wala haina kirutubisho kingine. Naitrojeni hukuza majani. Nyanya iliyoshibishwa hivyo wakati wa ua hunenepa, husifiwa na wapita njia, kisha hupukutisha maua. Wakati huo mmea hudai zaidi potasiamu, inayolijaza tunda. Anayenunua mbolea ya dukani asome namba za mfuko: ya tatu ndiyo potasiamu, nayo isiwe ndogo kuliko ya kwanza, NPK 17:17:17 inafaa kuliko urea.

Asiye na fedha anayo mafigani. Majivu ya kuni yana potasiamu pamoja na kalsiamu. Tuyachekeche yakiwa yamepoa, konzi moja kwa mmea, tuyazungushe shubiri moja kutoka shinani, tuyafukie na kumwagilia. Yatunzwe pakavu, kwani maji huiondoa potasiamu. Yasichanganywe na urea wala samadi mbichi, kwa maana naitrojeni hupaa hewani. Ile harufu inayochoma pua ndiyo fedha yetu inayopotea. Mtunza shamba wa Injili ya Luka, sura ya 13, aliomba kuutilia mtini samadi, lakini mtini ule ulikuwa hauzai kwa miaka mitatu. Nyanya yetu haitungoji hivyo.

Limebaki lile doa jeusi kitakoni mwa tunda, ambalo wengi hulipulizia dawa bure. Mara nyingi si ugonjwa, bali tunda limekosa kalsiamu, ambayo husafiri na maji. Tukiuacha mmea na kiu siku mbili na kuugharikisha siku ya tatu, haifiki. Tutandaze nyasi kavu shinani, tumwagilie asubuhi kwa kipimo kilekile. Tunda lililokwisha kuoza kitako lichumwe; halitapona, na linakula chakula cha wenzake.